TAHADHARI: Kuna mtu Nairobi anauza ripoti za oili ya dizeli bila kupima chochote

Wenye magari ya dizeli hapa Nairobi, hasa wenzangu wa Canter, Hiace, D-Max na Prado, tafadhali someni hii kabla hamjamlipa mtu yeyote anayewafuata kuwapimia oili ya injini.

Kuna jamaa anazunguka Industrial Area, Kirinyaga Road na kwenye maegesho ya matatu upande wa Jogoo Road. Huvaa koti jeupe la maabara juu ya ovaroli, hubeba kisanduku cheusi chenye chupa na sirinji, na maneno anayajua. Atakuambia yeye ni wakala wa maabara kubwa, kwamba akichukua oili kidogo tu kutoka kwenye injini yako, kesho yake utapata ripoti kwa WhatsApp ikikuonyesha hali ya beringi, pistoni na ringi. Anatoza Sh4,500 kwa gari, na ukiwa na magari mengi anakupunguzia. Pesa huingia kwenye nambari ya M-Pesa ya mtu binafsi, haiingii kwa akaunti ya kampuni yoyote.

Ripoti kweli inakuja, na nembo, na majedwali, na rangi nyekundu na kijani. Lakini hakuna kilichopimwa.

Nilimshuku pale majirani wa yadi yetu walipoweka ripoti zao mezani pamoja. Hilux ya kubeba vifaa vya ujenzi na lori la Isuzu linalokwenda Kitale zilikuwa na mnato ule ule wa oili, sawasawa mpaka desimali, ilhali moja ilikuwa imetembea kilomita 4,000 na oili hiyo na nyingine imepita 12,000. Aliporudi tukampa chupa nyeupe ya plastiki isiyoonyesha ndani. Tulikuwa tumeijaza oili mpya ya 15W-40 kutoka kwenye debe lililofunguliwa hapo hapo mbele ya watu, tukabandika nambari ya Hiace moja ya yadi. Angefungua kifuniko tu, angeona oili bado ina rangi ya asali. Kesho yake ripoti ikaingia: chuma 186 ppm (sehemu kwa milioni), masizi asilimia 2.8, zinki 1,120 ppm ikiwa imekolezwa rangi nyekundu na maneno "KIWANGO CHA HATARI", na chini yake ushauri kwamba injini ifunguliwe bila kuchelewa. Hiyo ni oili ambayo haijawahi kuingia kwenye injini yoyote.

Hapo kwenye zinki ndipo mpige darubini, maana ndipo anapowakamata wengi. Zinki na fosforasi huwekwa kwenye oili na kiwanda chenyewe, kama kinga ya vyuma visisagane. Oili ya dizeli iliyo nzima kabisa huwa na zinki kama ppm 1,000 au zaidi. Kalsiamu na magnesi nazo ni dawa za kusafisha zilizomo kwenye oili tangu siku ya kwanza. Mtu akikuonyesha zinki ya elfu moja na kukuambia injini yako inajila, ama hajui anachosema ama anajua vizuri sana.

Kinachouma zaidi ni kwamba kipimo chenyewe ni kitu cha kweli na cha maana. Maabara inayofanya kazi yake huchoma sampuli ndani ya mtambo unaosoma mwanga wa kila metali, ikakupa idadi kwa ppm. Chuma hutoka hasa kwenye kuta za silinda, kranki na kemshafti. Risasi, bati na shaba zikipanda pamoja, ziangalie beringi. Shaba ikipanda peke yake, inaweza kuwa inatoka kwenye kipoza oili. Alumini huashiria pistoni, kromiamu ringi. Silikoni ikipanda pamoja na alumini, mara nyingi vumbi linaingia: filta ya hewa imechoka au mpira wa kupitisha hewa umepasuka, jambo ambalo kila anayeendesha barabara za murram analijua. Ila injini iliyofunguliwa karibuni inaweza kutoa silikoni kutokana na gundi ya gasketi, kwa hivyo usikimbilie kulaumu filta. Sodiamu na potasiamu zikipanda, mara nyingi kolanti inavuja ndani. Dizeli ikichanganyika na oili, mnato unashuka. Masizi yakizidi, unapanda. Na kuna TBN, akiba ya kupambana na asidi, ambayo hupungua kadiri oili inavyotumika.

Namba moja haikuambii mengi. Chuma 40 ppm baada ya kilomita 5,000 si sawa na 40 ppm baada ya 15,000. Ndiyo maana maabara ya kweli lazima ikuulize oili ni ya aina gani, imetembea kilomita ngapi, injini nzima imetembea ngapi, na umeongeza lita ngapi katikati. Huyu haulizi hata moja. Anaandika namba ya gari na namba ya simu, basi.

Wengine wameonyeshwa kimashine cha mkononi chenye kioo kidogo: unadondosha tone, taa inawaka nyekundu. Vile vimashine vya bei nafuu hupima tabia ya oili kwenye umeme tu. Vinaweza kugundua kuwa oili imebadilika, lakini haviwezi kutenganisha chuma na shaba. Ripoti yenye orodha ya metali haiwezi kutoka humo. Wala msitishwe na weusi wa oili. Oili ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa kwa sababu inashika masizi, na hiyo ndiyo kazi yake.

Sh4,500 siyo shabaha yake. Ripoti ikishafika, simu inapigwa na mtu anayejiita injinia. Kwanza anakuuzia dawa ya kumwaga kwenye injini, Sh18,000 kwa chupa isiyo na jina la mtengenezaji. Ukikataa, anakuelekeza kwa gereji ya rafiki yake ufanyiwe ovaholi. Jirani yangu wa D-Max alipelekwa hivyo, na beringi "zilizochakaa" alizorudishiwa, fundi mwingine alizipima akakuta si za injini ile kabisa. Mama mmoja wa Kayole mwenye Hiace ya kubeba wanafunzi aliambiwa injini yake imekwisha, na wiki hiyo hiyo akatokea mnunuzi aliye tayari na pesa taslimu, kwa bei ya kutupa. Aliuza. Gari hilo bado liko barabarani na injini ile ile. Huyu mama ndiye aliyenifanya niandike.

Upande wa pili ni hatari vilevile: anauza ripoti safi kwa wanaouza magari. Kijana mmoja alinunua Prado akiwa ameonyeshwa ripoti yake, kila kitu kijani. Kolanti ilikuwa tayari inaingia kwenye oili; ukifungua kifuniko cha oili unaona utando wa rangi ya maziwa. Ukinunua gari, ripoti ya muuzaji isikutoshe. Chukua sampuli mwenyewe.

Kuichukua si kazi ngumu. Injini iwe imetoka kutembea, oili bado ya moto. Kama ni siku ya kubadilisha, fungua nati ya chini, acha oili ya kwanza imwagike, kisha kinga ile ya katikati kwenye chupa safi na kavu, kama mililita 100. La sivyo inyonywe kupitia tundu la kijiti cha kupimia, kwa mpira mpya ambao haujatumika kwa gari lingine. Andika tarehe, kilomita na aina ya oili papo hapo. Jaza chupa mbili, moja ubaki nayo. Huyu tapeli hupenda kusema sampuli "iliharibika".

Kabla ya kulipa, uliza jina la maabara, kisha nenda huko mwenyewe au piga simu kwa nambari uliyoitafuta wewe, si aliyokupa yeye. Uliza kama wana ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara. Hapa Kenya inatolewa na KENAS, shirika la taifa la ithibati, na cheti huja na orodha ya vipimo vilivyoidhinishwa. Maabara inaweza kuwa na ithibati ya maji na isiwe na ya oili, kwa hivyo soma orodha. Ripoti ya kweli huwa na namba ya sampuli, tarehe iliyopokelewa, njia iliyotumika kwa kila kipimo na jina la aliyeidhinisha. Ya huyu bwana ina sahihi moja inayofanana kwenye karatasi zote, hata doa la wino liko mahali pamoja.

Kwa waliokwisha kulipa: msifute ujumbe wa M-Pesa wala mazungumzo ya WhatsApp, na kama mna oili iliyobaki, ifungeni vizuri muiandike tarehe. Ripotini kituo cha polisi kilicho karibu mpewe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Mkitaka kurudishiwa pesa, Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani husikiliza madai yasiyozidi Sh1,000,000, na si lazima uwe na wakili. Sisi wa yadi yetu tumeshaandikisha taarifa na kukabidhi sampuli ya oili ile mpya pamoja na ripoti yake. Mwenye ripoti yenye sahihi ile na doa lile la wino atume picha, tuiongeze kwenye faili. Amebadilisha laini ya simu tangu wiki iliyopita, kwa hivyo msimtafute kwa nambari. Mtambueni kwa koti na kisanduku cheusi.