Treni ya makaa ya mawe Pickering, nendeni jamani

Kama uko Uingereza na watoto wamechoka kukaa ndani, wapeleke Pickering, North Yorkshire, mkapande treni ya zamani ya mvuke, inayoendeshwa kwa makaa ya mawe. Reli ni ya 1836, mjenzi wake George Stephenson, na mwanzoni mabehewa yalivutwa na farasi! Ilifungwa 1965, wapenzi wa treni wakaifufua, 1973 ikaanza tena, na mpaka leo wengi wanaofanya kazi pale wanajitolea, ndo maana wanakusalimia kwa moyo kabisa.

Ni kama kilomita 29 kutoka Pickering mpaka kijiji cha Grosmont, treni inapanda milimani polepole, nje kondoo tu na vichaka, Agosti milima yote zambarau kwa maua, yaani unashindwa hata kuongea. Mwanangu alitoa kichwa dirishani nikamrudisha, paji la uso limejaa masizi, anacheka tu. Ukifika Grosmont usikimbilie chai, pita kwanza kwa miguu kwenye handaki la zamani, lile la enzi za mabehewa ya farasi, linatokea karakana ya injini.

Tiketi sio rahisi kwa familia, ila mimi narudi. Bebeni sweta, hata kiangazi.