Halloween ya 1978: usikubali kuuziwa robo tatu ya picha

Ukienda kujaziwa muvi kwenye flashi pale Makoroboi, Mwanza, taja mwaka. Ukisema Halloween tu, unaweza kupewa ya 2007 au ya 2018, maana zote zina jina hilohilo. Ya kutafuta ni ya John Carpenter, 1978, dakika 91.

Michael Myers anatoroka hospitali ya wagonjwa wa akili na kurudi kwao Haddonfield, mji wa kubuni jimboni Illinois, kuwinda wasichana wanaoangalia watoto wa majirani. Damu ni kidogo. Anayetaka utumbo nje hapa hana chake. Hofu yote imewekwa kwenye upana wa picha. Mara bega jeusi linapita sentimita chache mbele ya kamera, mara kinyago cheupe kimesimama mbali kando ya ua wa miti. Sasa, picha hii ya 2.35 kwa 1 (upana kwa kimo) ikikuzwa ijaze runinga ya 16 kwa 9, karibu robo ya upana inakatwa, na huko pembeni ndiko muuaji anakojibanza. Kagua kabla hujalipa: lazima kuwe na mistari myeusi juu na chini. Isipoonekana, rudisha kwanza ukubwa wa picha kwa rimoti. Ikigoma, faili lenyewe limekatwa.

Ya kutafsiriwa achana nayo, hata dije anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha awe fundi kiasi gani. Sauti yake inafunika ukimya, pamoja na piano aliyoitunga Carpenter mwenyewe, yenye mapigo 5 badala ya 4, ndiyo maana sikio halitulii. Sabufa ipunguze besi, la sivyo piano inamezwa.

Mkazi wa Isamilo atashangaa: nyumba hazina uzio wala geti! Laurie (Jamie Lee Curtis), mmoja wa wasichana wanaowindwa, anagonga kwa jirani akipiga mayowe. Taa inawaka, mtu anachungulia, taa inazimwa. Yowe kama lile Igoma lingetoa mtaa mzima na marungu.

Kasoro ipo. Hadithi ni ya majira ya majani kupukutika, lakini ilipigwa California majira ya kuchipua, kwa bajeti ya dola 300,000 na ushei, hivyo majani makavu yanayopeperuka yalipakwa rangi na kuokotwa yatumike tena. Inua macho: miti ni kijani kibichi.

Mwanga wa runinga usiupandishe. Kuna sehemu kinyago kinachomoza polepole gizani nyuma ya Laurie; skrini ikiwa nyeupe sana utamwona mapema, umeharibu. Watoto wakalale kwanza, uchi na kisu vinaanza mapema.