Kituo cha watoto baada ya shule, Kimara: nilichokiona muhula na likizo

Wanangu wawili, wa darasa la kwanza na wa darasa la tatu, wanatoka shule saa nane na saa tisa na nusu. Mimi natoka kazini Posta, katikati ya jiji la Dar es Salaam, saa kumi na moja, na siku ambayo basi la Mwendokasi limenionea huruma nashuka Kimara saa kumi na mbili na kitu. Zile saa za katikati ndizo ninazozilipia kila mwezi. Wazazi wengi wanaoniulizia kituo hiki huanza na bei, kisha wanauliza kama watoto wanafundishwa Kiingereza. Bei nitaitaja, ingawa kwangu hayo siyo maswali ya kwanza.

Kabla ya kituo hiki nilikuwa na dada wa kazi, kama wengi wetu. Sina neno baya juu yake, watoto walimpenda. Ila Desemba tunaijua wote: dada anaaga anakwenda kusalimia kwao, Januari shule zinafunguliwa, simu yake haipatikani. Majirani zangu kadhaa walikuwa wakilimaliza tatizo hili kwa kupeleka watoto bweni wakiwa wadogo kabisa, mpaka Machi 2023 Wizara ya Elimu ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mimi niliunga mkono, mtoto wa miaka saba anahitaji mtu wa kumuuliza amekula nini na kwa nini amenuna. Lakini mzazi anayefika nyumbani saa moja usiku aliachwa ajitafutie.

Basi, bei. Nalipa shilingi 90,000 kwa mtoto wa kwanza na 70,000 kwa wa pili kwa mwezi. Humo kuna kuchukuliwa shuleni, chakula cha mchana na uji wa saa kumi. Chakula ni cha kawaida: wali maharage, ugali na dagaa, Ijumaa pilau. Mwanangu mdogo, ambaye nyumbani mchicha ni vita, kule anakula. Sijui wanamfanyaje na sitaki kujua.

Kilichonifanya nibaki pale ni daftari la mlangoni. Kila mtoto ana ukurasa wake wenye majina na namba za simu za watu wanaoruhusiwa kumchukua, na anayemchukua anasaini na kuandika saa. Mwanzoni niliona ni urasimu tu. Kisha mdogo wangu wa kiume akaja kutoka Morogoro bila taarifa, akaamua awapitie wapwa zake awanunulie aiskrimu. Nikiwa ofisini napigiwa simu: "Dada, huyu mama wa kituo ananifanya mwizi wa watoto!" Nyuma yake namsikia mlezi, sauti ya chini kabisa: "Mjomba, sijasema wewe ni mwizi. Nimesema jina lako halimo." Watoto wenyewe wanaruka wakiita anko, anko, na yule mama hakutikisika. Nikamwambia mdogo wangu ampe mlezi simu nitoe ruhusa mimi mwenyewe. Mlezi akakataa kuishika. Akachukua simu ya kituo, akanipigia kwenye namba niliyoiandika siku ya kuandikisha, akaniuliza jina kamili la anayekuja, akaliandika, ndipo akafungua geti. Mdogo wangu alinuna siku nzima. Mimi nililala usingizi mzuri.

Homwek wanafanya, ila usitarajie mwalimu. Kuna binti mmoja anayekaa nao mezani kuanzia saa kumi, anahakikisha kila mmoja ametoa daftari lake, anasaidia kusoma maswali. Akiona mtoto amekosea hesabu hamfanyii, anaweka alama ya penseli pembeni ili mzazi aione jioni. Wapo wazazi waliolalamika kwamba wanataka tuisheni. Mimi niko upande wa kituo. Mtoto ameamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la shule, amekaa darasani mpaka mchana, halafu umketishe tena kwenye dawati hadi magharibi? Uwanja wao ni mdogo, mchanga na matairi mawili ya kubembea, lakini wanacheza mpaka wananuka jasho, na nyumbani wanalala saa mbili bila ugomvi.

Usafiri ndio ulionikera. Walikuwa wanawakusanya watoto kwa Noah moja inayopita shule tatu, na siku niliyoomba ruhusa mapema nikaiona ikishusha pale getini, walitoka watoto wengi hadi nikadhani kuna mlango wa pili. Mwanangu mdogo alikuwa amepakatwa na mtoto wa darasa la tano. Niliongea na mwenye kituo, akanieleza mambo ya mafuta. Wazazi kadhaa tukaandika kwa pamoja kwamba tutatoa watoto. Sasa Noah inafanya mizunguko miwili, maana yake wa saa nane wanasubiri shuleni karibu nusu saa chini ya mti na mlinzi. Afadhali hivyo. Ukienda kutazama kituo chochote, nenda saa ya watoto kushuka kwenye gari, usiende asubuhi wakati sakafu imepigwa deki na kila mtu anatabasamu.

Halafu kuna faini ya kuchelewa: 5,000 kwa kila nusu saa baada ya saa kumi na mbili na nusu. Siku za kawaida ni haki, walezi nao wana watoto wao. Ila masika ikikolea na maji yakajaa Jangwani, barabara inafungwa, Mwendokasi inasimama, na mtu wa Posta anazunguka mjini kama kuku aliyefungwa kamba. Jioni moja ya aina hiyo nilifika karibu saa tatu usiku. Watoto nilikuta wamekula, wamelazwa kwenye mkeka na kufunikwa kitenge. Nilishukuru sana, na kesho yake nikaletewa bili ya faini yote. Nililipa, lakini nikauliza kama mafuriko ambayo yako kwenye redio yanahesabika kuwa uzembe wa mzazi. Mpaka leo hawajajibu, na kanuni haijabadilika.

Likizo ni habari nyingine, na hapa nyota zangu zinapungua. Juni wanapokea watoto kutwa nzima kwa 35,000 kwa wiki, na ratiba ilibandikwa ikiwa na rangi zote: kuogelea, upishi, karate, matembezi. Matembezi yalifanyika kweli, waliwapeleka Kijiji cha Makumbusho pale Kijitonyama, wakaziona nyumba za asili za makabila mbalimbali na kucheza ngoma. Mdogo alirudi akiuliza kwa nini nyumba nyingine hazina madirisha, swali lililonisumbua hadi chakula cha usiku. Lakini kuogelea kuliahirishwa kila wiki, mwalimu wa karate alionekana mara moja, na siku nyingi ilikuwa katuni. Kibaya zaidi, likizo wanachanganya hawa wa shule na wale wadogo wa deikea. Mkubwa wangu aliniambia kwa uchungu, "Mama, sisi kazi yetu kubembeleza watoto." Nilipofuatilia, kweli, mlezi mmoja alikuwa amepewa kundi lote na wakubwa wakageuzwa wasaidizi wake. Mtoto wa miaka tisa akigundua kwamba anafanya kazi, kumrudisha pale Jumatatu ni shughuli.

Desemba wanafunga mapema, kabla ya tarehe 20, maana walezi nao wanasafiri kwao. Ofisi nyingi bado zipo. Siwalaumu, ila waseme mwanzoni. Mimi huwapeleka watoto kwa bibi yao Moshi mara shule zinapofungwa, na tiketi nazikata Novemba, kwa sababu ukingoja wiki ya Krismasi basi la Moshi unalisikia tu.

Jambo la cheti, kwa wanaouliza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe, na hiki kina cheti ukutani. Nilikwenda pia kwa afisa ustawi wa jamii wa manispaa kuuliza, akanipokea vizuri na akakithibitisha. Vituo viwili nilivyovitazama kabla ya hiki, kimoja kilisema cheti kiko kwa mkurugenzi, kingine kilinionyesha leseni ya biashara. Niliaga kwa adabu.

Mdogo nimeshamlipia muhula ujao. Mkubwa Januari anaingia darasa la nne, na shule yao huwabakiza wa darasa hilo mpaka jioni kwa maandalizi ya upimaji wa taifa, kwa hiyo atahitaji kituo kwa saa moja tu na usafiri. Nimeomba bei ya saa moja. Wamesema wataifikiria, nami nimewaambia nitalipa wakishaifikiria.