Mto wa ujauzito wa umbo la U, baada ya kuulalia wiki 10

Mto huu niliununua kwa ajili ya nyonga, ukanifaa zaidi mgongoni. Nitaeleza yote mawili, pamoja na yaliyoniudhi, kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni ya waliowahi kuutumia nilikuta sifa tupu: mzuri, laini, umenifurahisha. Mjamzito aliyeamshwa na maumivu saa tisa usiku hasaidiwi na neno laini. Anataka kujua mguu auweke wapi.

Kwa asiyewahi kuuona, ni mto mmoja mrefu uliopinda kama herufi U. Kichwa kinakaa pale juu penye mpindo, kisha mikono yake miwili inateremka hadi miguuni, mmoja mbele ya tumbo na mwingine nyuma ya mgongo. Wangu una urefu wa sentimita 140 na upana wa 80. Ndani umejazwa nyuzi za poliesta, nje una foronya ya pamba yenye zipu.

Kabla yake nilikuwa na mito minne ya kawaida. Maumivu yalinianza wiki ya 22, upande ule ule niliolalia, kuanzia nyongani na kushuka pajani. Baadaye yakahamia mbele, kwenye mfupa wa kinena, ikawa kila nikijigeuza nasikia kama mifupa inasagana. Mkunga alinieleza kwamba homoni za ujauzito hulegeza kano zinazoshikilia mifupa ya nyonga, kwa hiyo mguu wa juu ukiangukia mbele unaivuta nyonga nzima na kuipinda. Nilikuwa tayari naweka mto katikati ya magoti. Akaniuliza, "Na kifundo cha mguu kiko wapi, mama?" Kilikuwa kinaning'inia. Goti langu lilikuwa juu ya mto na unyayo uko chini kwenye godoro, yaani paja linazunguka vile vile, tena usiku kucha. Siku niliyotandika mto kuanzia gotini mpaka kwenye kifundo, miguu yote miwili ikawa sambamba, nililala saa tatu mfululizo. Nilikuwa nimesahau saa tatu za usingizi zinafananaje.

Kwa hiyo niseme mapema: kama tatizo lako ni nyonga peke yake, mto mmoja mrefu wa kawaida, mgumu kidogo, unaweza kukutosha. Usiwe mto mnene mno. Unene mzuri ni ule unaoacha goti la juu likae usawa wa nyonga, lisipande wala lisishuke.

Kilichonifanya ninunue ni usiku mmoja wa wiki ya 29.

Kliniki ya wiki ya 28 niliambiwa kwamba kuanzia hapo nisianze usingizi nikiwa chali, usiku wala mchana. Mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo kutoka sehemu ya chini ya mwili umepita kando ya uti wa mgongo, upande wa kulia. Ukilala chali mimba ikiwa kubwa, uzito wa mfuko wa uzazi, pamoja na mtoto na maji yake, unaulalia mshipa huo. Damu inayofika kwenye moyo inapungua, na ile inayokwenda kwa mtoto inaweza kupungua pia. Nililichukua neno hilo kwa uzito wote. Nikapanga mito yangu minne: mmoja kichwani, mmoja miguuni, mmoja chini ya tumbo, mmoja mgongoni. Nikalala.

Nilishtuka niko chali. Mto wa mgongoni ulikuwa sakafuni. Moyo unanidunda, nywele zimelowa jasho, kichwa chepesi kana kwamba nimesimama ghafla. Nikajigeuza ubavu, nikaweka kiganja tumboni, nikasubiri. Sijui nilisubiri muda gani. Naukumbuka ule ukimya chini ya kiganja, kisha teke moja upande wa kushoto, kisha jingine. Hapo nikalia mpaka mume wangu akaamka akidhani uchungu umeanza.

Asubuhi nilikwenda kwa mkunga nikiwa nimejihukumu tayari. Alinisikiliza mpaka mwisho ndipo akasema, "Mama, ukijikuta chali, geuka ubavu uendelee kulala. Hujafanya kosa." Akanieleza kwamba tafiti ziliwauliza wanawake mkao waliouanzia usingizi, kwa kuwa huo ndio mtu hukaa nao muda mrefu zaidi. Mwaka 2019 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha tafiti za nchi kadhaa, zikiwamo New Zealand, Australia na Uingereza. Ulionyesha kwamba, kuanzia wiki ya 28, uwezekano wa mtoto kufia tumboni ulikuwa takriban mara 2.6 kwa waliolala chali ukilinganisha na waliolala ubavu wa kushoto. Ni namba inayotisha ukiisikia peke yake, ila alinikumbusha kwamba kwa mama mmoja mmoja hatari bado ni ndogo, na kwamba kuanza usingizi kwa ubavu ni jambo lililo mikononi mwangu. Uchambuzi huo huo haukukuta tofauti kati ya kushoto na kulia. Hapo nilipumua. Nilikuwa nimejifunga upande wa kushoto wiki nzima mpaka sikio linauma, kwa kuwa kila mtu husema kushoto, kushoto. (Wapo wakunga wanaoendelea kupendelea kushoto, na aliyepewa maelekezo yake na daktari kwa sababu maalumu ayafuate hayo.)

Aliloniambia kwa msisitizo kuliko yote halikuhusu mito. Mtoto akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, nisikae kitandani nikijaribu mkao huu na ule. Niende hospitali usiku huo huo.

Mto ukafika wiki ya 30. Usiku wa kwanza nilijaribu makusudi kujigeuza chali nikiwa macho, nione utafanya nini. Mkono wa nyuma ulinidaka katikati ya safari, nikabaki nimeuegemea huku tumbo bado limeelekea upande. Haukuteleza, haukuanguka, kwa sababu umeshonwa pamoja na ule ninaolalia kichwa, na kichwa changu chenyewe ndicho kinaushikilia. Hii ndiyo sehemu ya mto huu ninayoisifu bila kusita. Sikusoma popote kwamba mto unazuia kabisa kugeuka, na mimi mwenyewe mara mbili nilijikuta nimeuponda na kuupanda. Lakini ile hofu ya kufumba macho iliondoka. Nilikuwa nakosa usingizi kwa kuulinda usingizi wangu mwenyewe, na hilo likaisha ndani ya siku tatu.

Jambo la pili ni kugeuka. Kwa mito minne, kuhama kutoka kushoto kwenda kulia kulikuwa ni kuhamisha nyumba: unaamka, unaivuta mmoja mmoja, ukimaliza usingizi umekwisha. Mto wa U una mkono pande zote mbili, kwa hiyo unageuka wewe peke yako, wenyewe unabaki ulipo. Nilijifunza kufanya hivi: nabana magoti pamoja, nakanyaga godoro kidogo, halafu mabega na nyonga vinageuka kwa pamoja kama gogo. Ukitanguliza mguu mmoja, kinena kinakukumbusha. Niliwahi kujaribu mto wa umbo la C wa rafiki yangu. Unachukua nafasi ndogo kitandani, ila kila ukigeuka lazima uuzungushe wote. Kwa mwenye maumivu ya kinena, sioni faida yake.

Sasa yaliyoniudhi.

Sehemu ya kichwa ilikuwa nene kupita kiasi. Asubuhi ya nne niliamka shingo imekaza na mkono wa chini umekufa ganzi hadi kwenye vidole. Mtengenezaji anajaza mto mzima kwa kiasi kimoja, wakati shingo na miguu havihitaji unene mmoja. Nilifungua zipu ya nje nikakuta mfuko wa ndani nao una zipu fupi, ya kama kiganja. Nikaingiza mkono nikaanza kutoa nyuzi kwa mafumba, yaani kiasi kinachojaa mkononi. Fumba moja, nalala kupima. Fumba nyingine, nalala tena. Nilitoa mafumba 7 mpaka pua yangu ikawa sawa na kifua, shingo imenyooka, bega limekaa kwenye godoro badala ya kubanwa chini ya mto. Kama wako hauna zipu ya ndani, fumua mshono kidogo kisha uushone. Usivumilie shingo ukidhani utazoea.

Zile nyuzi sikuzitupa. Nilizishindilia kwenye foronya ya zamani ya mtoto wangu mkubwa, nikaishona mdomo, ikawa kimto kidogo cha kuingiza chini ya tumbo. Kumbe ndicho kilichokuwa kinakosekana. Mkono wa mbele wa mto wa U ni wa kukumbatia, nao unakaa mbele ya tumbo, haulibebi. Kuanzia wiki ya 33 tumbo likilala bila kubebwa linavuta kiuno upande mmoja, unaamka na maumivu ya uchovu chini ya mbavu. Kinachotakiwa ni kitu chembamba upande mmoja na kinene upande mwingine, kama kabari, kiteleze chini ya tumbo pale linapoachana na godoro. Kabari za kununua zipo, na nadhani mtu anayesafiri au mwenye kitanda chembamba aanze na hiyo.

Joto ni kasoro nyingine. Poliesta haipumui, na mjamzito tayari anawaka. Foronya ya pamba inasaidia, lakini umezungukwa mbele na nyuma, hewa itapita wapi? Usiku wa joto nilikuwa nautoa mkono wa mbele nje ya shuka na kuukunjia miguuni, nabaki na wa nyuma tu.

Halafu safari za chooni. Wiki za mwisho kichwa cha mtoto kimekalia kibofu, nilikuwa naamka mara nne, mara tano. Kutoka ndani ya U ukiwa na haraka si kazi ndogo. Niliacha kujaribu kuuruka. Nateleza kuelekea chini, pale wazi, nikiwa bado ubavu, nashusha miguu kwanza halafu najisukuma kwa kiwiko. Nikirudi naingia kwa njia hiyo hiyo, naketi ukingoni, nalala kwa ubavu, navuta magoti.

Kwa kiungulia usitarajie chochote. Mto unainua kichwa peke yake na kukunja shingo, ilhali kinachotakiwa kuinuka ni kifua kizima. Sisi tuliweka vipande vya mbao vya sentimita 15 chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, na nikawa nalala kushoto saa za kwanza baada ya kula. Vilevile msuli wa kigimbi ukikaza usiku, mto hauna dawa: nyoosha goti, vuta vidole vya mguu kuelekea kwako, subiri uachie.

Mume wangu alipata ukingo wa kitanda. Hakulalamika, ila naona ni haki niseme kwamba katika kitanda cha watu wawili mto huu ni mtu wa tatu. Usiku mwingine alikuwa anapitisha mkono juu ya ukuta huo mpaka aufikie mkono wangu, basi tunalala hivyo.

Kuhusu kufua: foronya inaingia kwenye mashine bila shida. Mto mzima niliufua mara moja, ukakauka siku mbili, na ndani nyuzi zikashikana mabonge. Mkono wa kushoto haukurudi kama zamani. Kama ningeanza upya, ningevalisha foronya ya pili juu ya ya kwanza na mto wenyewe nisiuguse na maji.

Ningeupa nyota nne. Ile ya tano imepotea kwenye unene wa kichwani na kwenye joto. Kwa mwenye wasiwasi kama wangu wa kujikuta chali, naona unastahili. Kabla ya kununua, jaribu kwanza usiku mbili tatu kuviringisha blanketi zito, ulifunge kwa vitambaa lisifumuke, ulichomeke mgongoni chini ya shuka ili lisikimbie. Ukipata usingizi, basi umeshapata jibu.

Mtoto alizaliwa wiki ya 39. Mto nimeutumia kukalia nikinyonyesha, mikono yake ikinizunguka kiunoni na kubeba viwiko vyangu. Mtoto mwenyewe simlazi juu yake hata dakika moja, hata akisinzia mapajani namhamisha, maana uso wake ukizama kwenye kitu laini hana nguvu ya kuutoa. Yeye analala chali, kwenye godoro lake gumu lisilo na mto. Wiki za kwanza nilikuwa namwangalia nikihisi nimekosea kitu, baada ya miezi mitatu ya kulikimbia chali mimi mwenyewe.

Juzi mdogo wangu ameingia wiki ya 26, nikampelekea. Yeye ni mfupi kuliko mimi, nikamwambia asiupokee kama ulivyo: afungue zipu, alale apime, atoe fumba moja moja. Kile kimto cha foronya nimemfungia pembeni kwa pini ili asikipoteze.