Seti ya kujiundia usukani wa gemu (mota ya skuta 24V, BTS7960, enkoda 600): nimeifunga, nimeitesa, haya ndo majibu

Wakuu, mmekuwa mnaniuliza sana kuhusu ile seti ya kujiundia usukani, ile inayokuja boksi moja na kila kitu ndani, bodi ya Leonardo ambayo ndo ubongo (kopi, siyo ya Arduino wenyewe), draiva ya mota BTS7960 inayoipa mota umeme, enkoda ya 600 inayohesabu usukani umezunguka kiasi gani, mota ya skuta ya umeme 24V 250W ya kukurudishia nguvu mkononi, pawa saplai ya bati na volyumu mbili za kupima mkanyago wa pedali. Jibu fupi, kama unapenda kufungua na kufunga vitu chukua, kama shida yako ni kuendesha tu kwenye gemu la Euro Truck Simulator 2 wikiendi hii tafuta G29 (usukani wa dukani wa Logitech) ya mtumba ukae kwa amani. Vifaa vingi humo ni vizuri kwa hiyo hela, ila maelekezo ni karatasi moja ya Kichina na picha ina ukungu, na karibu kila tatizo utakalolaumu programu ukilifuatilia utakuta ni waya au skrubu.

Bodi haina neno. Leonardo inatumia chipu ya ATmega32U4 ambayo inaongea na USB yenyewe, ndo maana kompyuta inaiona kama usukani moja kwa moja. Mtu wa dukani akikwambia chukua Uno ni kitu kilekile, mshukuru uondoke, Uno inatumia chipu ya pembeni kwa ajili ya USB utahangaika nayo bure. Mimi nimeweka fimwea (programu ya ndani ya bodi) ya EMC ile Lite, imekubali fasta, nyuzi 900 za usukani kutoka mwisho hadi mwisho unaseti humo humo.

Sasa enkoda, hapa ndo pesa ya seti ilipo. Ni ya mwanga, pulsi 600 kwa mzunguko, na kwa sababu ina njia mbili A na B unapata hesabu 2400 kwa mzunguko mmoja, kwa nyuzi 900 ni hesabu 6000 ukiifunga kwenye shafti ya usukani wenyewe. Kwenye gemu la mbio la Assetto Corsa unasahihisha gari ikiteleza na unaona kabisa usukani unakufuata, hakuna kuruka ruka. Lakini sikilizeni, waya A na B zisiguse chanya hata sekunde moja, inakufa palepale. Na utakuta watu wanalalamika "katikati inahama", yaani ukipiga kona kadhaa kali usukani umenyooka ila gari kwenye skrini imepinda. Cheki vitu viwili. Kwanza skrubu ndogo inayobana kapulingi (kiungo cha shafti mbili) kwenye shafti ya enkoda, ikilegea kidogo tu imeisha, chora mstari wa maka pen kwenye shafti na kapulingi uendeshe kidogo, mistari ikiachana umempata mwizi. Pili enkoda hizi zinataka rezista za kuvuta juu kwenda 5V, zile za ndani ya bodi ni dhaifu, waya ukiwa mrefu inapoteza hesabu. Weka 4.7k mbili, moja A moja B, bei yake hata ya soda haifiki na sielewi kwa nini hawakuziweka kwenye boksi. Halafu jueni haina alama ya sifuri, kwa hiyo unanyoosha usukani kwanza ndo unachomeka USB.

Draiva BTS7960 imeandikwa ampia 43 kwa maandishi makubwa kweli kweli. Hiyo 43 ni kiwango ambacho chipu inaanza kujizuia, siyo mzigo wa kuibebesha muda wote. Kwa kibati cha kupoozea walichokupa ukicheza mbio ndefu inapata joto inajizima, ghafla usukani unakuwa mlaini kabisa katikati ya kona na wewe unadhani gemu imeganda. Dawa ni feni ndogo ya kompyuta ipulize palepale na kwenye programu punguza nguvu, usiiache kwenye asilimia mia.

Mota nimeipenda. Kwa mahesabu ya haraka 250W kwenye mizunguko kama 2700 kwa dakika ni kama Nm 0.9 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ukiweka pulli ya meno 15 na ya 60 unazidisha mara nne, inakaribia Nm 3.5, wakati G29 watu wanaipima kwenye 2 na kidogo. Ukipanda tuta mikono inajua. Kuna ukakasi kidogo unausikia ukizungusha polepole, hiyo ni sumaku za mota ya brashi zinavyokamata, ukiendesha unasahau. Na msije mkashawishika na mota ya waipa ati kwa sababu ipo kila duka la spea, ile ndani ina gia ya skrubu, mota inazungusha usukani vizuri ila wewe kwa mkono huwezi kuizungusha mota, sasa utaendeshaje?

Siku ya kwanza ukiwasha usukani unaweza kukimbilia upande mmoja kwa nguvu zote mpaka mwisho. Usipanic, haijaharibika, nguvu inasukuma kule kule unakokwenda badala ya kukurudisha, geuza waya mbili za mota basi. Ila anza na nguvu ndogo na vidole gumba vitoe ndani ya spoku, hii siyo ya kuchukulia poa, na funga swichi kubwa nyekundu ya kukata umeme wa mota mahali mkono unafika.

Pawa saplai inanitia mashaka. Pembeni ina kiswichi cha 110 na 220, ya kwangu ilikuja iko 110, ukichomeka hivyo kwenye umeme wetu inalipuka, kwa hiyo angalia kabla ya kitu chochote. Terminali za umeme mkubwa ziko wazi, zifunike, na waya wa ethi uunge kweli. Pia ukizungusha usukani haraka kwa mkono mota inageuka jenereta inarudisha umeme nyuma, saplai inashtuka inajizima. Na kama USB inakatika kila mota ikipiga kwa nguvu, weka kapasita ya 100nF kwenye miguu ya mota na waya za enkoda zipitishe mbali na za mota.

Chuma hawakupi. Mimi nimetumia shafti ya mm 20 na beringi za UCP204, mafundi wa Gerezani, Dar, wamekereza na kuchomelea vizuri tu, usukani nimechukua wa Toyota kwenye chuma chakavu (erbegi iwe imeshatolewa) na nikawaambia wanikatie na kipande cha shafti yake, maana yale meno ya ndani kuyachonga upya ni gharama. Mkanda chukua wa 5M (meno yake yako kila mm 5) wenye upana wa mm 15, ule mwembamba wa printa za 3D utaruka meno.

Kitu cha hovyo kabisa humo ndani ni volyumu za pedali. Zimeandikwa B10K ila breki inacheza cheza hata mguu hujaweka, na kwenye nusu ya mkanyago inaruka. Nimeng'oa nimeweka zingine za redio, B10K hizo hizo, zimetulia. Muuzaji nilimtumia video ya breki inavyoruka akanijibu nizime kompyuta niwashe. Nyota nne, ya tano kaipoteza hapo.