Ruta Moja, Wapangaji Watatu: Juniper MX80 katika Jengo la Ofisi, Dodoma

Kwa miezi minane sasa ruta ya Juniper MX80 inahudumia wapangaji watatu wa jengo la ofisi ambalo mtandao wake nausimamia hapa Kisasa. Mafundi wenzangu wamekuwa wakiniuliza kama kuna faida kuigawa ruta moja (kifaa kinachounganisha mitandao) kuwa ruta pepe kadhaa, yaani ruta za kiprogramu ndani ya kifaa kimoja, kila moja ikifanya pia kazi ya swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta za mtandao mmoja. Jibu langu ni kwamba faida ipo, ila ugawaji wenyewe ufahamike vizuri: ni nyumba ya vyumba vya kupanga, ambamo kila mpangaji ana ufunguo wake lakini Luku ni moja.

Kwa umbo, kifaa hiki si kikubwa. Kina poti nne za gigabiti 10 na nafasi mbili za kadi za ziada. Sisi tuliweka kadi ya poti 20 za gigabiti moja. Mfumo wake wa Junos unaruhusu ruta pepe 15 pamoja na ile kuu.

Sehemu iliyonifurahisha zaidi ni usanidi wa VLAN, yaani mitandao midogo inayotenganishwa kwa namba ndani ya vifaa vilevile. Wapangaji wawili walikuja na swichi zao, wote wakitumia VLAN namba 10, na hakuna aliyekuwa tayari kubadilisha. Kwa kuwa kila mmoja ana poti zake na daraja lake (sehemu inayofanya kazi ya swichi) ndani ya ruta pepe yake, namba hizo hazikugongana, na majedwali yao ya anwani za MAC, yaani vitambulisho vya vifaa vilivyounganishwa, hayachanganyiki kamwe. Kwenye poti moja wanayochangia kutokea nje, namba hiyo haiwezi kurudiwa, hivyo mmoja nilimpa 210. Daraja lenyewe hubadilisha 210 kuwa 10 fremu (kifurushi cha data) inapoingia na kuirudisha inapotoka, bila mpangaji kujua.

Ugumu upo kwenye mgawanyo wa mipangilio. Tabia za poti yenyewe, kama vile kukubali fremu zenye alama za VLAN, huwekwa katika mfumo mkuu (ile ruta kuu), ilhali matawi ya poti hiyo (vigawanyo vyake vya kiprogramu) na madaraja huwekwa ndani ya ruta pepe. Siku ya kwanza nilifungua jedwali la MAC nikalikuta tupu, nikabadilisha waya mara mbili, nikafuta vumbi kwenye moduli (na vumbi la Dodoma linajulikana), nikapoteza karibu saa nzima. Fundi mwenzangu alichungulia skrini yangu akacheka: "Kaka, mpangaji unamtafutia chumbani kwa mwenye nyumba!" Kumbe niliandika amri bila kutaja jina la ruta pepe, nikawa naulizia mfumo mkuu usio na daraja lolote.

Kuunganisha ruta pepe mbili hakuhitaji waya. Hutumika kiungo cha ndani chenye ncha mbili, mradi kwanza utenge kasi kwa ajili ya huduma hiyo. Usipoitenga, kiungo hakitokei kabisa. Kumbuka pia kwamba data inayopita humo hula uwezo wa ruta ileile.

Kwa usalama wa kazi, naisifu sana amri ya kupitisha usanidi kwa majaribio: usipoithibitisha ndani ya dakika 10, ruta hurudi yenyewe katika hali ya awali. Imeniokoa nilipojifungia nje nikiwa njiani kwenda Mtumba.

Hata hivyo, programu ni moja kwa wote na umeme ni mmoja. Nikitaka kusasisha Junos, lazima nipate ridhaa ya ofisi tatu kwa usiku mmoja, jambo ambalo hadi sasa limefanikiwa mara moja tu. Mpangaji wa nne, ambaye kazi zake hazivumilii kukatika hata dakika tano, nilimshauri anunue ruta yake mwenyewe.