Kununua vitabu vya nota za klasiki: lipi lije kwanza, lipi lisubiri

Chukua kitabu chochote chenye preludi ya kwanza ya Das Wohltemperierte Klavier, mkusanyo wa Bach wa preludi na fuga za kinanda, ile ya C meja inayofundishwa karibu kila anayepiga piano, uhesabu vipimo vyake, yaani nafasi zilizo kati ya mstari wima mmoja na mwingine. Ukipata 35, endelea kukikagua. Ukipata 36, kuna kipimo cha mgeni ndani. Kinajulikana kwa jina la Schwencke, mwanamuziki wa kizazi cha baadaye anayehesabiwa kuwa ndiye aliyekichomeka baada ya kipimo cha 22, mahali ambapo besi inaruka kwa namna iliyowashtua watu wa zama zake. Matoleo ya karne ya 19 yakanakiliana, na Charles Gounod alipotunga Ave Maria yake juu ya preludi hiyo, kipimo hicho alikichukua pia. Ndiyo maana hadi leo kuna watu wanaoona Bach halisi ndiye aliyekosea.

Basi mimi kila kitabu cha nota nakiuliza swali moja kabla ya kutazama jalada: je, kinaniambia wino upi ni wa mtunzi na upi ni wa mhariri? Orodha ifuatayo ya wachapishaji nimeipanga kwa swali hilo, kisha kwa mambo ya kawaida kama namba za vidole (zinazoonyesha kidole kipi kipige nota ipi), karatasi, na kama ukurasa unageuzika mahali ambapo mkono una nafasi.

Tahadhari kuhusu neno “Urtext”. Ni la Kijerumani, maana yake matini ya asili, na limekuwa kama muhuri wa ubora. Lakini halina mlinzi. Mchapishaji yeyote anaweza kulibandika kwenye jalada. Tena mara nyingi hakuna matini moja ya asili ya kurudia. Mtunzi aliandika hati, akarekebisha nakala ya mwandishi wake, akasahihisha karatasi za majaribio ya chapa, kisha akampigia penseli mwanafunzi kwenye kitabu chake. Mhariri analazimika kuchagua. Toleo zuri ni lile linalokuonyesha uchaguzi huo: dibaji yenye jina la mhariri, orodha ya hati zilizotumika, mabano au mistari ya nukta kwa kila alama iliyoongezwa, na maelezo ya nyuma yanayosema “hapa hati A inasema hivi, chapa ya kwanza inasema vile”. Kitabu kisicho na mambo hayo si Urtext, hata kama neno limechapwa kwa dhahabu.

Nafasi ya kwanza: G. Henle

Ukiwa unanunua kitabu chako cha kwanza cha maana cha piano, au muziki wa vyombo vichache, anzia kwenye majalada ya buluu. Nyumba hii ya uchapishaji ilianzishwa mwaka 1948 na Günter Henle, mwanaviwanda aliyekuwa mpiga piano kwa mapenzi yake, na kwa macho yangu hakuna anayechora nota zinazosomeka vizuri kuizidi. Nafasi kati ya nota inapumua. Unaweza kuisoma gizani kidogo, jambo ambalo mtu aliyewahi kupiga chini ya taa mbovu analithamini.

Udhaifu wake ulikuwa vidole. Matoleo mengi ya zamani yana namba za vidole za Hans-Martin Theopold, na wapiga piano wengi huishia kuzikata kwa penseli. Henle wenyewe wamelishughulikia: baadhi ya vitabu vya Bach vinauzwa pia bila namba hata moja, Wohltemperierte Klavier ipo yenye vidole vya mpiga piano András Schiff, na sonata za Beethoven zinatolewa upya na mpiga piano Murray Perahia pamoja na mhariri Norbert Gertsch.

Hapo ndipo penye mtego wa mnunuzi. Jalada la buluu la miaka mingi iliyopita na la leo yanafanana kama mapacha, ila yaliyomo yanaweza kutofautiana. Mfano ni sonata ya Mozart ya A meja, K. 331 (namba yake katika orodha ya kazi za Mozart), ile inayoishia kwa rondo ya Kituruki. Mwaka 2014 kurasa za hati ya mkono wa Mozart zilipatikana kwenye Maktaba ya Taifa ya Széchényi mjini Budapest, na baadhi ya nota na alama tulizozizoea zikaonekana kuwa si zake. Wachapishaji ikabidi warudi mezani. Ukikuta nakala ya bei nafuu ya sonata hiyo iliyokaa rafuni tangu kabla ya hapo, si mbaya kwa kujifunzia, lakini ujue unachonunua. Tazama mwaka ulio chini ya ukurasa wa kwanza wa nota, si wa jalada.

Nafasi ya pili: Bärenreiter

Wengine wangewaweka wa kwanza, nami nisingebishana nao sana. Kwa kwaya, okestra na vyombo vya nyuzi, hawa ndio wa kwanza hata kwangu. Kampuni ilianza 1923, makao yake ni Kassel, na ndiyo iliyobeba kazi mbili kubwa mno: mkusanyo mpya wa kazi zote za Bach, uliotoka kati ya 1954 na 2007, na ule mpya wa Mozart. Vitabu vya bei ya kawaida vinachotwa kutoka kwenye visima hivyo. Simfoni za Beethoven zilizohaririwa na Jonathan Del Mar mwishoni mwa miaka ya 1990 ziliwafanya waongozaji wengi wafungue upya nota walizodhani wanazijua.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa chelo. Hati ya mkono wa Bach ya suti sita za chelo, yaani mifululizo ya vipande vya dansi, haipo tena. Tulichobaki nacho ni nakala, mojawapo ya mkewe Anna Magdalena, nyingine ya Kellner, na kila moja inaweka mipinde ya kuunganisha nota mahali pake. Toleo la Bärenreiter la mwaka 2000 halikujifanya linajua. Linakupa nota, na pamoja nazo picha za hati zenyewe katika vijitabu tofauti, uamue mwenyewe. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huo ni mzigo. Kwa anayezipiga suti hizo maisha yake yote ni hazina.

Nafasi ya tatu: Wiener Urtext

Jalada jekundu, ushirika wa Schott na Universal Edition tangu 1972. Niliwadharau kwa miaka kwa sababu ya chapa yao iliyobanana, hadi niliposoma maelezo ya upigaji yaliyo mwanzoni mwa vitabu vyao: jinsi ya kupiga mapambo, kasi, pedali. Kama huna mwalimu karibu, warukishe hadi nafasi ya kwanza.

Vighairi viwili

Kwa Chopin, sahau mpangilio wangu. Nunua Toleo la Taifa la Poland lililohaririwa na Jan Ekier na kukamilika 2010. Chopin alichapisha kazi zake karibu kwa wakati mmoja Ufaransa, Ujerumani na Uingereza, chapa hizo hazilingani, na juu yake kuna vitabu vya wanafunzi alivyoviandikia masahihisho ya kila aina. Ekier, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga piano, anaziweka njia mbadala pale pale kwenye ukurasa, zikiwa na maelezo ya mpigaji na ya mtafiti kando kando. Mashindano ya Chopin ya Warszawa nayo hulipendekeza. Toleo la zamani lenye jina la Paderewski bado linapatikana na bado ni zuri kwa macho, ila linachanganya hati tofauti bila kukuambia kila mara.

Kwa sonata za Beethoven, kama una nafasi ya mkusanyo mmoja tu, fikiria wa ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, uliohaririwa na Barry Cooper mwaka 2007. Yeye anahesabu sonata 35, si 32, kwa sababu ameingiza zile tatu za utotoni. Maelezo yake kwa kila sonata ni marefu kuliko ya yeyote ninayemjua, na yameandikwa kwa mpigaji.

Vya zamani na vya bure

Usivitupe vya zamani. Czerny, aliyekuwa mwanafunzi wa Beethoven, alipohariri Wohltemperierte Klavier mwaka 1837 alijaza kasi na alama za sauti ambazo Bach hakuziweka, akaeleza kwamba baadhi alizitoa kwenye kumbukumbu ya jinsi Beethoven alivyopiga fuga hizo. Kama Bach, si sahihi. Kama ushahidi wa masikio ya zama zile, ni dhahabu. Hali kadhalika sonata za Beethoven zilizohaririwa na mpiga piano Schnabel, yenye tanbihi ambazo ni somo kamili. Ila kiwe kitabu cha pili, kikae ubavuni mwa toleo safi.

Mchapishaji Dover huchapa upya mikusanyo ya karne ya 19 kwa bei ndogo. Inafaa kwa kufuatilia simfoni ukiwa unasikiliza. IMSLP, maktaba ya nota ya mtandaoni iliyoanza 2006, ina nota za bure nyingi kuliko utakavyomaliza, lakini zilizo huru kisheria kwa kawaida ndizo za zamani. Matoleo ya kitaaluma yana ulinzi wake, Ujerumani kwa mfano ni miaka 25. Isipokuwa Mozart: mkusanyo wake mpya mzima unasomeka bure mtandaoni tangu Desemba 2006, umewekwa na wakfu wa Mozarteum wa Salzburg. Kabla ya kununua Mozart yoyote, linganisha nao.

Wenye kompyuta kibao wana programu ya Henle Library, ambayo hukuruhusu kuficha namba za vidole au kuchagua za mpigaji mwingine. Pedali ya kugeuzia ukurasa nunua pia, la sivyo utajuta.

Na kwa wanaopiga pamoja: nunueni toleo moja. Niliwahi kuketi katika kundi la watu wanne ambamo mmoja alileta kitabu cha babu yake. Kila tuliposema “tuanze herufi D”, moja ya herufi zilizochapwa juu ya nota kuonyesha mahali pa kuanzia, yeye alianza vipimo kumi na sita nyuma, na tulihangaika saa nzima kabla ya kugundua kwamba herufi za mazoezi za kitabu chake zilikuwa zimepangwa na mtu mwingine. Kwa sonata za fidla, tafuta toleo lenye karatasi mbili za fidla, moja ina vidole na alama za upinde, nyingine tupu. Ile tupu ndiyo utakayoiandikia penseli.